Nakala ya Jumatano

Jirani yangu Tshiala ana masikio mazuri na akili mbaya. Sisemi hivi kwa sababu namchukia. Namchukia, ndiyo, lakini nasema hivi kwa sababu yeye ndiye aliyeliokota neno langu moja mlangoni pangu, hapa Base ya Kamina, akalituma kwa simu mpaka Malemba-Nkulu alikokuwa mume wangu. Lilipofika huko lilikuwa limeshageuka uzinzi.

Mimi naitwa Ndaya. Kwetu ni Mulongo, kwa wavuvi. Mume wangu Guylain ni sergent, na nyumba tunayokaa na binti zetu wawili ni ya jeshi. Karibu na geti nina kibanda cha kuchapa: meza, kompyuta, mashine ya kutoa karatasi na betri ya sola. Naandikia watu barua za kuomba kazi, barua za uchumba, ratiba za mazishi, na barua za wake kwa waume walio mbali. Kazi hii inataka vidole vyepesi na mdomo mzito. Kwa vidole sijalaumiwa hata siku moja.

Kila Jumanne alikuwa anakuja Prof Philémon kwa baiskeli, akitoka kijijini kwao, madaftari ya shule yamo ndani ya mfuko wa unga. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mkatoliki wa ukoo wa tangu zamani wa hapa, na analima mihogo. Tunamwita Prof kwa sababu alifundisha sekondari maisha yake yote. Nusu ya watu wazima wa huku wamechapwa fimbo yake. Kabla ya hapo, ujanani, alikwenda kusomea kilimo Urusi, mji wa Voronezh. Wenzake walirudi na makoti na redio, na mmoja alirudi na mke. Yeye alirudi na vitabu vinne vya mtu mmoja.

Mtu huyo aliitwa Gordei Strogalev, mwandishi wa riwaya na wa michezo ya kuigiza, na maisha yake yote alikuwa na kazi moja, kuwacheka wakubwa. Prof alikuwa anaandika habari zake kwa Kiswahili, tangu kuzaliwa mpaka kufa, na alikuwa ametafsiri mchezo wake mmoja ili wanakwaya wa parokia yake wauigize siku ya sikukuu, mwezi wa nane. Alisema haombi kingine duniani ila kuusikia mchezo ule ukichekwa na watu wa kwao kabla hajafa. Nilimwambia aache maneno ya kufa, aniletee madaftari.

Mwanzoni nilichapa bila kusoma, kama ninavyochapa kila kitu. Halafu nikaanza kusoma. Huyu Strogalev alikuwa mtoto wa mkuu wa stesheni, amekulia kando ya reli kama watoto wa Kamina mjini. Riwaya yake ya kwanza ilihusu mji ambao serikali yake imetangaza kwamba baridi imefutwa. Watu wanatoka nje na shati moja, theluji inawafika magotini, na anayetetemeka anakamatwa. Basi kila mtu amejifunza kutetemeka ndani kwa ndani, na mkuu wa polisi naye kavaa sweta tatu chini ya shati. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anangoja akaniuliza kama niko mzima.

Mchezo wenyewe ulihusu kiti. Jenerali anatazamiwa katika mji mdogo, na kiti chake kinatangulia kwa treni. Mkuu wa mji anakipigia kiti saluti, kwa usalama wake. Naibu wake anaona, naye anakisomea ripoti. Wanawake wanakipikia. Kiti hakijibu, na kwa kuwa hakijibu, wote wanaamini kimekasirika. Jenerali mwenyewe anaposhuka, mchovu, hana hata nyota begani, anakikalia, na mji mzima unamrukia kwa ngumi kwa kuwa amekivunjia kiti heshima.

Hapo nilicheka kidogo tu, nikanyamaza. Nilikumbuka mimi ni mke wa nani na paa lililo juu ya wanangu ni la nani.

Wiki hiyohiyo alikuja Adjudant Likoke kutoa nakala ya karatasi yake ya likizo. Likoke yuko katika ofisi ambayo wanajeshi wanaiita Bureau 2, ile ya habari, ya kujua nani kasema nini. Alisimama nyuma yangu akasoma ukurasa uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta, mpaka chini. Hakucheka. Akaniuliza ni ya nani. Nikamtaja Prof haraka hivi kwamba nilijionea haya. Sikuona hasira kwake wala kitisho. Alikunja karatasi yake ya likizo taratibu, akasema:

“Kila mercredi uniletee copie moja ku bureau. Minyi njo nitasoma.”

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilijiambia kwamba nikikataa atauliza kwa nini nakataa, na mume wangu yuko chini ya amri za watu. Tangu siku hiyo, kila Jumanne jioni, Prof akishaondoka na karatasi zake, nilitoa nakala ya pili. Jumatano asubuhi niliitia ndani ya bahasha nikaipeleka. Sikumwambia mtu, hata Guylain.

Sasa sikilizeni dhambi inavyotembea. Siku moja sokoni Likoke akampita Prof, akamsalimu akitabasamu: “Prof, kiti kimeamka muzuri?” Kumbe ule mchezo ulikuwa haujaonwa na mtu nje ya watu watatu: Prof mwenyewe, mimi niliyeuchapa, na Abner, mfanyakazi wa reli na mwimbaji wa besi, aliyepewa nafasi ya Jenerali. Jumanne iliyofuata Prof aliingia kibandani bila kuniamkia. Akakaa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa ananitazama mimi, au mashine iliyo nyuma yangu, sikuweza kujua.

Siku hiyo aliniletea sura ya nane ya maisha ya Strogalev. Ilimhusu mwanamke aitwaye Vera, aliyekuwa anamchapia. Vera alikuwa anatoa nakala tatu: ya mwandishi, ya watu wa tamthilia, na ya mke wa mwandishi. Kumbe alikuwa anatoa na ya nne, na hiyo ilikuwa inakwenda polisi. Kwa sababu yake mchezo ulifungwa baada ya kuonyeshwa mara kumi na moja, na Strogalev hakupewa tena kazi ya kuandika. Wakamweka akague ratiba za treni mpaka uzeeni, na watu wanasema humo alichomeka treni moja ya kuondoka saa ishirini na tano na dakika kumi, na abiria wawili wakaikatia tiketi.

Nilichapa sura ile yote. Vera, Vera, Vera, kila mstari. Nilijiuliza kama kweli mwanamke huyo alikuwepo, au mzee amemtunga jana usiku ili anione nikikosea herufi. Na nilikosea. Kisha nikakasirika, maana mwenye hatia naye ana hasira zake. Kama ananishuku, si aseme? Badala yake akaanza kuhesabu karatasi kila wiki, analamba kidole, anahesabu, anarudia, huku nikimtazama.

Baada ya wiki mbili akaja na uso uliotulia. Aliniambia amemkamata mchongezi. Ni Abner. Ushahidi wake ulikuwa viatu: Abner alikuwa amenunua viatu vipya vyeusi, na Prof alikuwa amemwona akizungumza na mwanajeshi kwenye duka la mafuta. Basi amemtoa kwenye mchezo mbele ya kwaya nzima, na Abner alilia, mtu mzima mwenye watoto watano. Prof alinieleza hayo kwa huruma, kisha akaniomba radhi. Alisema kuna siku moja alithubutu kunifikiria mimi, na amekwisha kuungama kwa padri.

Nafasi ya kusema ilikuwa pale mezani, kati yangu na yeye. Nilimwuliza kama ukurasa wa arobaini uanze na herufi kubwa.

Jumatano iliyofuata nilivaa kitenge changu kizuri, maana mtu haendi ofisini kama anayekwenda shambani. Tshiala alikuwa anaanika nguo. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza naenda wapi nimependeza hivyo kila Jumatano. Ningeweza kusema sokoni. Lakini nilitaka kumziba mdomo, nikatafuta Kifaransa kizuri.

“Minaenda ku deuxième bureau,” nikamwambia.

Lilipotoka tu nikalisikia. Bureau ya pili ya wanajeshi ni kitu kimoja. Deuxième bureau ni kitu kingine kabisa, na katika nchi hii nzima hata kuku anakijua: ni yule mwanamke wa nje, ambaye mume akienda kwake anamwambia mkewe amecheleweshwa na kazi ofisini. Nilijaribu kurekebisha. Nikasema ile ya Adjudant Likoke, ile ya kazi. Tshiala alicheka, kisha akaacha kucheka, akaingia ndani na nguo mbichi.

Mume wake yuko kikosi kimoja na wangu. Ijumaa saa nne asubuhi simu yangu ikalia.

“Ndaya, balisema asema weye njo deuxième bureau ya Likoke. Njo kweli?”

Nikasema uongo mtupu, majirani hawana kazi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, basi kila mercredi nakwendaga kufanya nini kwa yule mwanaume. Guylain si mtu wa kupiga kelele. Aliniambia amepewa siku nne za ruhusa, Jumapili atafika. Nimweleze, tena na shahidi. Nikikosa, narudi Mulongo kwa wazazi wangu na watoto wanabaki kwa mama yake.

Nilikaa kibandani nikapima. Nikinyamaza, mimi ni malaya, na binti zangu nimewakosa. Nikisema, mimi ni mouchard, mpeleka maneno, na niliyempeleka ni mzee aliyeungama kwa padri kwa kunishuku tu. Katikati hapakuwa na njia.

Jumamosi nilikwenda kwa Likoke kumwomba awe shahidi wangu. Nilidhani atanitisha, atasema ni siri ya kazi. Alifunga mlango, na nikaona ni yeye aliyekuwa anaogopa. Nakala zangu zote hazikuwa kabatini. Alikuwa nazo kwenye begi lake, chini ya mashati.

“Mama, hapa hakuna muntu alinituma,” akasema. “Minasoma tu, juu ya kucheka. Chef hajui kitu. Ukisema jina yangu, ataniuliza juu ya nini nilimuficha.”

Hakuwahi kuandika ripoti hata moja. Hakuna mkubwa aliyewahi kumsikia Strogalev wala kiti chake. Nilikuwa nimemuuza yule mzee wiki zote hizo na hapakuwa na mnunuzi. Na Likoke, kwa uso uleule, akaniuliza kama katika kurasa zilizobaki Jenerali anakufa kwa kile kipigo. Nilitoka bila kumjibu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale, na sikujua kama ni yeye au ni mimi.

Jumapili Guylain alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa bila kuvua viatu. Tshiala akaingia bila kuitwa, akasimama mlangoni akisema amekuja kumpa pole kwa safari. Nikasema sawa, abaki, maana yeye ndiye aliyelianza. Nikamtuma binti mkubwa akamwite Prof, aliyekuwa anatoka misa. Hapa duniani ni yeye peke yake ambaye angeweza kushuhudia kwamba zile karatasi zipo.

Alikuja na koti lake la misa, anatabasamu. Alidhani Guylain amefika na anataka kumsalimu. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza habari za Malemba-Nkulu, za usalama, za maji ya Lualaba. Nilimwacha amalize. Nilitamani asimalize.

“Prof,” nikasema, “ile makaratasi yako, kila mercredi minyi njo nilikuwa napeleka copie kwa Adjudant Likoke. Haikukuwa Abner. Ilikuwa minyi.”

Guylain akamgeukia mzee.

“Prof, ile makaratasi iko?”

Mzee alinitazama. Sikuona hasira machoni mwake, na ningeshukuru kuiona. Alipojibu, alimjibu mume wangu.

“Iko. Iko yangu. Kurasa mia moja na kumi na mbili.”

Akaomba maji. Nikamletea, akanywa nusu, akaweka kikombe chini kwa uangalifu. Akatuaga wote, na Tshiala pia. Nilimwona dirishani akiikokota baiskeli yake barabarani bila kuipanda.

Nilimgeukia mume wangu nikiwa tayari kwa matusi. Nilijua mwanajeshi naye ana heshima yake, na kwamba ataona haya kuwa na mke mchongezi. Guylain alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la uso wake, akanishika mabega, akasema:

“Kumbe weye iko unafanya service!”

Akamwambia Tshiala aende akaseme hivyo kwa wote aliowaambia lile la kwanza. Mke wake anafanya kazi na Bureau 2, hana mwanaume. Tshiala alikwenda mbio. Nami nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilimkumbatia mume wangu na nilifurahi sana, watoto wangu wanabaki, nyumba yangu inabaki. Jioni hiyo nilimchinjia kuku.

Aibu ilikuja baadaye, polepole. Tshiala sasa ananisalimu kwa kuinama, na ananiletea mboga ambayo sikuomba. Kwenye bomba la maji wanawake wananipisha mbele ya foleni, kisha wananyamaza mpaka ndoo yangu ijae. Barua za uchumba zimekwisha. Wanaokuja kibandani wanakuja na karatasi za serikali tu. Siku moja alikuja mama mmoja kumwandikia kaka yake wa Kinshasa, ambaye nilijua alitaka kumwomba dawa. Akaniambia niandike kwamba hapa wote ni wazima, hawakosi kitu, wanashukuru wakubwa. Kila sentensi alikuwa ananitazama usoni kwanza. Nilimwambia niambie la kweli, mama, mimi ni mtu kama wewe. Akaniomba radhi, akasema ndiyo hayo ya kweli.

Abner anapita mbele ya kibanda akienda zake. Nilimfuata mara moja kumwomba msamaha, akanijibu vizuri mno, akaniita madame. Mchezo haukuchezwa. Sikukuu ya parokia ilikuwa na nyimbo na hotuba, na watu walikwenda nyumbani mapema.

Mwezi wa tisa, Jumanne, nikasikia kengele ya baiskeli. Prof Philémon alishuka na mfuko wake wa unga. Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya toba tangu siku ile, na yote yakanipotea. Alinisalimu kwa adabu, akatoa daftari jipya, akasema anataka niichape upya kazi nzima, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na makosa.

Nikaanza kuchapa. Gordei Strogalev alikuwa raia mwema aliyependa viongozi wa nchi yake. Alikuwa na bahati ya kupewa kazi nzuri kwenye ofisi ya treni. Vera hakuwemo. Mji uliofutiwa baridi haukuwemo. Nikafika kwenye mchezo. Kiti kinaletwa kwa treni, watu wanakifuta vumbi. Jenerali anafika, anakikalia, anaushukuru mji, na wote wanaimba. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali pa kucheka, hata padogo, hata pa bahati mbaya. Hapakuwepo.

Nilimwuliza, Prof, ngumi ziko wapi? Hawa watu mbona hawampigi?

Alitazama mlango, akanitazama mimi. Alikuwa amevua kofia na ameishika kwa mikono miwili kifuani, mtu aliyefundisha nusu ya nchi hii kusoma.

“Mama Ndaya, weye njo unajua,” akasema. “Iko muzuri hivi?”

Sikuwa na jibu ambalo angeliamini. Nikasema iko muzuri. Nikatoa karatasi zake, nikazipanga, nikazibana pini, nikampa. Hakuzihesabu. Alizitia mfukoni, akavaa kofia, lakini hakuondoka. Alisimama palepale mbele ya meza, anaingoja mashine.

“Toa na ile ingine,” akaniambia kwa upole. “Ya mercredi.”